Bima ya Mazishi Ikikulipa Ungali Hai

Kwenye bima ndogo za mazishi zinazouzwa hapa Marekani kuna ukurasa mmoja, mara nyingi nyuma kabisa ya mkataba, ambao wateja wangu wengi hawajawahi kuufungua. Ukiondoa lugha ya wanasheria, unasema hivi: daktari akithibitisha kwa maandishi kwamba mwenye bima anatarajiwa kuishi miezi 12 tu, au 24, kutegemea kampuni na jimbo, basi sehemu ya pesa ambazo zingelipwa akifa zinaweza kulipwa sasa, macho yakiwa wazi. Mara nyingi ukurasa huu, yaani kiambatisho cha mkataba, hauongezi hata senti kwenye ada ya kila mwezi. Mimi ni wakala wa bima, na wateja wangu wengi ni Wakenya, Watanzania na Wakongomani. Nikifika kwenye ukurasa huo, wengine hunikatiza: huo ni uchuro, tuendelee.

Tuanze na bima yenyewe. Ni bima ya maisha ya kudumu, ila ndogo. Nyingi huwa kati ya dola 5,000 na 25,000. Hupimwi damu wala mkojo, unajibu maswali ya afya, na ada haipandi kadiri unavyozeeka. Kazi yake ni kuzika. Chama cha kitaifa cha wenye nyumba za mazishi kilitoa kipimo cha kati cha mwaka 2023: dola 8,300 kwa mazishi yenye kuaga mwili na kuzika, bila kuhesabu gharama za makaburini. Malipo ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya serikali, kwa msiba ni dola 255, tena kwa mjane, mgane au mtoto anayestahili tu. Sisi tuna na mzigo wetu wa ziada, kusafirisha mwili hadi nyumbani, ndiyo maana vikundi vya WhatsApp vya kufa na kuzikana havikauki michango.

Wazo la kumlipa mtu kabla hajafa lilitokana na ukimwi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vijana waliokuwa wanakufa walikuwa na bima za maisha lakini hawana kodi ya nyumba, na wengine waliziuza bima zao kwa wawekezaji kwa hasara. Ron Barbaro, aliyeongoza shughuli za kampuni ya Prudential nchini Kanada, alikuwa akiwatembelea wagonjwa wa ukimwi Toronto, na kutokana na ziara hizo alishinikiza kampuni yake ianze kulipa mapema. Prudential ikaleta mpango huo Marekani mwaka 1990, na kampuni nyingine zikafuata. Mwaka 1996 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya HIPAA, ambayo kati ya mengine ilisema malipo haya yahesabiwe kikodi kama malipo ya kifo: hayatozwi kodi ya mapato ya serikali kuu, mradi daktari athibitishe kwamba ugonjwa unatarajiwa kuleta kifo ndani ya miezi 24. Ukilipwa, mwaka unaofuata utaletewa fomu ya kodi inayoitwa 1099-LTC. Isikushtue, lakini usiitupe; mpe anayekujazia kodi.

Sasa swali ambalo kina mama hasa huniuliza: "Mwanangu, si hiyo ndiyo pesa ya jeneza?" Ndiyo, mama, ni hiyo hiyo. Hakuna pesa mpya hapa. Kila dola unayoipokea leo inapunguza kitakachowafikia waliobaki, na wakala anayekuuzia kiambatisho hiki kama zawadi anakudanganya.

Tuchukue bima ya dola 15,000 ambayo kiambatisho chake kinaruhusu nusu. Unaomba 7,500. Kampuni moja itakata ada ya kushughulikia dai pamoja na riba ya mwaka mmoja, ndipo ikupe hundi, na familia itapata 7,500 zilizobaki. Nyingine itakupa karibu zote 7,500, lakini itaziandika kama deni juu ya bima, na deni hilo litaendelea kuzaa riba hadi siku ya kifo. Kuna zinazoruhusu asilimia 75 au hata 100. Baada ya malipo, kampuni nyingine hufuta ada ya kila mwezi, nyingine huipunguza, na nyingine huendelea kuidai kama kawaida. Hili la mwisho ndilo linaloumiza watu. Mtu anaugua, anaacha kazi, ada inasimama, muda wa nyongeza wa takriban mwezi mmoja unapita, na bima inakufa kabla ya mwenyewe. Ukichukua malipo ya mapema na ada bado inadaiwa, tenga kwanza ada ya mwaka mzima kabla ya kugusa hata dola moja.

Msimamo wangu, na wenzangu wengine wanaupinga, ni huu: kwenye bima ya dola 5,000 usiguse. Ukitoa nusu na kukatwa ada, kinachobaki hakitoshi kuzika na ulichopokea hakitoshi kubadilisha lolote. Kwenye bima ya 15,000 kwenda juu, chukua kama kuna jambo ambalo pesa inaweza kulifanya sasa na haitaweza kulifanya baadaye.

Kwa watu wetu jambo hilo mara nyingi ni tiketi. Mzee aliyekaa Columbus au Dallas miaka 20, ana shamba Kisii au nyumba Tanga, anajua anakoenda kuzikwa. Akisafiri angali anaweza kukaa kwenye kiti, familia inalipa nauli yake na ya mtu wa kumsindikiza. Akifia hapa, wanalipa nyumba ya mazishi, kutia mwili dawa, jeneza la safari, vibali na mizigo ya ndege, na hapo hujanunua hata kilo moja ya mchele wa matanga. Tofauti ni maelfu ya dola. Na pesa ni nusu tu ya hesabu: anawaona ndugu zake, anagawa mashamba kwa mdomo wake mwenyewe, anauguzwa na watu wanaoijua lugha yake. Hapo ndipo naona thamani ya kiambatisho hiki, kuliko kwenye mfano wa kulipa bili za hospitali unaopendwa kwenye vipeperushi.

Ila safari hiyo ina saa yake. Mashirika ya ndege hudai barua ya daktari kwamba mgonjwa anaweza kuruka, na anayehitaji oksijeni huwa na fomu zaidi. Familia nyingi hungoja mpaka mgonjwa aingizwe kwenye hospisi, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, ambayo Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, huilipia pale madaktari wanapokadiria miezi sita au chini yake. Wakati huo karatasi za bima ni rahisi sana kupata, kwa kuwa daktari ameshaandika, lakini mwili haukubali tena saa 20 angani. Kama mkataba wako unasema miezi 24, tumia nafasi hiyo: mwombe daktari wa saratani au wa moyo aijaze fomu mapema. Madaktari wengine hukwepa kutaja muda. Mwelezeni kwamba fomu inauliza makadirio, wala haimfungi kwa tarehe.

Akifia nyumbani, bima kwa kawaida italipa, lakini kampuni hukagua sana vifo vya nje. Kwa raia wa Marekani, ubalozi hutoa ripoti ya kifo. Kwa asiye raia mtahitaji cheti cha kifo cha serikali, kwa Tanzania ni kile cha RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na jina lililoko humo lifanane na lililoko kwenye bima. Na majina yetu mnayajua: hapa anaitwa kwa jina la baba, kule kijijini anajulikana kwa jina la babu. Rekebisheni hilo mgonjwa angali hai.

Kuna watu ambao nawaambia waende polepole, wale wanaoishi kwa SSI, posho ya serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, au Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. SSI inaruhusu mtu mmoja awe na mali isiyozidi dola 2,000, na malipo ya bima ya mapema huhesabiwa kama mapato mwezi yalipoingia, kisha kama mali yakibaki benki mwezi unaofuata. Hundi ya dola 7,000 inaweza kusimamisha posho, na pengine hata bima ya afya inayomlipia mhudumu wa nyumbani. Ofisi ya SSI haimlazimishi mgonjwa kuomba malipo haya ya mapema. Kuyaacha ni haki yake. Kabla ya kusaini, zungumzeni na wakili wa msaada wa kisheria, maana sheria za Medicaid hutofautiana kwa kila jimbo.

Tazameni pia mmepewa bima ya aina gani. Zile zinazokubali kila mtu bila swali lolote la afya kwa kawaida zina miaka miwili ya kungoja: ukifa kwa ugonjwa ndani ya muda huo, familia hurudishiwa ada ilizolipa na nyongeza kidogo, na nyingi ya bima hizo hazina kabisa kiambatisho ninachokizungumzia. Ambaye tayari ameambiwa na daktari kwamba hana muda asitegemee kununua bima leo na kudai kesho. Akiwepo wakala anayemwahidi hivyo, amfukuze.

La mwisho linahusu watoto wanaowalipia wazazi. Hapa kijana hununua bima kwa uhai wa mama yake, akasaini mwenyewe na kulipa mwenyewe. Huyo kijana ndiye mmiliki wa mkataba. Mama akiugua, si yeye anayeomba malipo ya mapema. Ni mwanawe, na hundi itakuja kwa jina la mwanawe. Kwa upande wa SSI hili linaweza kuwa nafuu, kwa sababu mali si ya mama, ingawa pesa taslimu atakazokabidhiwa mama zitahesabiwa kwake. Kwa upande wa ndugu, ni chanzo cha magomvi, hasa wale waliokuwa wakichangia ada kimyakimya. Na kama mmiliki ni mgonjwa mwenyewe, aandike mapema hati ya kumpa mtu anayemwamini mamlaka ya kisheria ya kusaini kwa niaba yake, yenye kutaja bima waziwazi. Akishapoteza fahamu kampuni haitapokea sahihi ya mtoto wala ya mke bila hati hiyo, na kuipata kupitia mahakama huchukua muda ambao mgonjwa hana.