Sindano Isiyo na Dawa: Kazi ya Akupancha Hapa Dodoma

Swali ninaloulizwa kuliko yote kazini ni hili: "Daktari, humo ndani umeweka dawa gani?"

Hakuna dawa. Sindano ya akupancha, tiba ya Kichina ya kudunga sindano mwilini, haina hata tundu la kupitishia dawa. Ni waya wa chuma kisichoshika kutu, mara nyingi wenye unene wa milimita 0.25, wakati sindano ya kuchoma msuli hospitalini hukaribia milimita 0.8. Mweleze hivyo mkulima wa zabibu aliyetoka Hombolo, kiuno kinamtesa tangu msimu wa kupogoa, uone atakavyokutazama. Kama hakuna dawa, nalipia nini?

Ana haki ya kuuliza. Kwa sehemu kubwa analipia maswali yangu.

Wengi wanadhani kazi hii ni kudunga. Kudunga kwenyewe ni dakika chache, na mkono ukishazoea hausumbui tena. Kinachochosha kichwa ni kuamua nani asidungwe. Mtu akija na mgongo namuuliza: maumivu yanazidi usiku ukiwa umelala? Umepungua mwili? Unatoka jasho usiku hadi shuka linalowa? Kifua kikuu hakiishii kwenye mapafu, hufika mpaka kwenye pingili za uti wa mgongo. Halafu nauliza: mnafuga? Maziwa mnachemsha? Kwa mfugaji wa Bahi au Chemba swali hilo lina uzito wake. Bruselosisi hutoka kwa ng'ombe na mbuzi kupitia maziwa mabichi, au kupitia mikono iliyomsaidia mnyama aliyeharibu mimba, na huleta homa za kuja na kuondoka pamoja na maumivu ya kiuno na viungo. Mtu wa namna hiyo nikimdunga anaweza kupata nafuu ya siku mbili tatu, arudi nyumbani ananisifu, na ugonjwa uendelee kumla. Anachohitaji ni kipimo cha damu na dawa za kuua bakteria kwa wiki kadhaa. Na yule ambaye ghafla ameshindwa kuzuia mkojo, au anahisi ganzi sehemu anazokalia, huyo simpandishi hata kitandani. Anakwenda hospitali ya rufaa siku hiyohiyo.

Kumrudisha mtu aliyekuja na hela mkononi kunauma, nisiwafiche. Pango la chumba halijui kwamba leo umetoa rufaa.

Maswali yakiisha ndipo Uchina inapoingia. Natazama ulimi: rangi yake, unene wake, utando uliopo juu. Nashika mapigo kwenye vifundo vya mikono yote miwili kwa vidole vitatu, kwanza juu juu, kisha nakandamiza. (Msimu wa zambarau ulimi hudanganya, kwa hiyo kwanza uliza mtu amekula nini.) Nadharia tuliyofundishwa inasema mwilini hupita qi, tamka "chi", katika njia kuu 14 zenye pointi 361, na kwamba maumivu ni dalili kuwa mahali fulani imekwama. Mimi naitumia kama ramani ya kazi. Ukiniuliza kama qi imewahi kuonekana kwa darubini, nitakujibu bado. Kilichoonekana maabara ni kwamba sindano huchokoza neva, na mwili hutoa endofini, vituliza maumivu vyake wenyewe.

Chukua pointi moja, Zusanli, ambayo huenda naitumia kuliko zote kwa goti na kwa tumbo. Kunja goti kidogo, tafuta kibonyeo cha upande wa nje chini ya pia ya goti, shuka vidole vinne, kisha toka nje upana wa kidole kimoja kutoka ukingo wa mfupa wa muundi. Vidole vinavyohesabika ni vya mgonjwa mwenyewe, si vyangu. Ndiyo maana dereva wa lori mwenye futi sita na bibi mfupi wa Mpwapwa wanapimwa kwa kipimo kilekile bila kukosea. Nafuta kwa spiriti, naweka kibomba cha plastiki cha kuongozea sindano, nagonga kichwa cha sindano kwa kidole. Ngozi ikishapitwa mtu hahisi kitu kikubwa. Nashusha taratibu sentimita 2 hadi 3, nazungusha kidogo, nangoja.

Ninachongoja Wachina wanakiita de qi. Wagonjwa wangu wana lugha yao: "panavuta", "panazizima", "pamekuwa pazito". Kijana mmoja wa bodaboda wa Nkuhungu alisema shoti imemfika kidole gumba cha mguu. Uzito na mvuto navitaka. Maumivu makali ya kuwasha kama pilipili siyataki, hapo sindano narudisha nyuma. Kisha unalala dakika 20 hadi 30, na wengi wanakoroma.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2007 yalitoka matokeo ya utafiti wa Ujerumani kwa wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu kwa kudungwa kwenye pointi za Kichina walikuwa karibu asilimia 48. Waliopewa tiba ya kawaida, dawa na mazoezi, walikuwa asilimia 27. Lakini kulikuwa na kundi la tatu, lililodungwa juu juu tu mahali pasipo na pointi, nalo lilifika asilimia 44. Wenzangu wengi huitaja namba ya kwanza wakaikalia ya tatu. Kwangu mimi inamaanisha sindano inasaidia, ila sehemu ya msaada huo inatokana na kulazwa, kuguswa na kusikilizwa. Hata NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, mwaka 2016 iliiondoa akupancha kwenye mwongozo wa maumivu ya kiuno, kisha 2021 ikaipa nafasi kwenye mwongozo mwingine, wa maumivu sugu. Kwa kiuno, goti lililolika, kichwa cha kurudiarudia na kichefuchefu, nadunga bila wasiwasi. Kisukari siponyi, kansa siponyi. Kiharusi siku ya kwanza ni cha hospitali, baadaye njoo tusaidiane na mtu wa mazoezi ya viungo. Anayekuahidi zaidi ya hapo anatafuta wateja.

Vikombe vya kunyonya ngozi sina haja ya kuvieleza sana. Wazee wanaijua kazi ya kuumika kwa pembe, na wengine wameshapitia hijama.

Hatari zipo. Sindano iliyozidi kina begani au kifuani inaweza kutoboa pafu. Mjamzito simgusi Hegu, pointi iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema. Wanaozimia mara nyingi ni watumishi wanaokimbia kutoka Mtumba, kwenye mji wa Serikali, saa ya chakula bila kula.

Vijana wa kidato cha sita wanaouliza njia: shahada kamili Uchina ni miaka mitano, na kabla yake wengi husoma lugha kwanza, maana anatomia kwa Kichina haina huruma. Ukirudi, kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake. Unasajiliwa wewe, na kituo nacho kinasajiliwa. Semina ya wiki mbili haikufanyi mtaalamu, hata cheti kikiwa na muhuri wa dhahabu. Mshahara usiutarajie mapema. Wagonjwa wengi hulipa kutoka mfukoni, na mwezi wa shule kufunguliwa kliniki huwa kimya.

Kwa anayekuja kutibiwa, kwangu au kwingine, omba uone cheti cha usajili. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yako, na zikichomolewa ziingie kwenye sefti boksi, lile boksi la kutupia sindano zilizotumika, si kwenye trei ya mgonjwa anayefuata. Njoo umekula, umevaa suruali inayokunjika mpaka juu ya goti. Kama una picha za eksirei au karatasi za vipimo vya damu zibebe, hata kama ni za mwaka jana.