Petroli Haifai Kuondolea Stika za Pikipiki

Kila ninapoletewa tangi lenye baka lililopauka, lililonyooka kingo kama stika iliyokuwa imebandikwa hapo, maelezo ya mwenye pikipiki huwa ni yale yale: alitumia petroli, kwa sababu aliambiwa kwamba petroli hutoa gundi ya kila aina na haiwezi kudhuru rangi ya tangi ambalo hubeba petroli siku zote. Hoja hiyo inanikera kwa kuwa inasikika ya busara. Petroli hukaa ndani ya tangi, penye chuma kitupu. Rangi iko nje. Rangi nzuri hustahimili matone yanayodondoka karibu na mfuniko kwa sababu hufutwa au huvukiza upesi, ilhali kitambaa kilicholoweshwa petroli na kulazwa juu ya stika kwa nusu saa huipa muda wa kupenya na kulainisha kila kinacholainika, iwe ni gundi au ni rangi yenyewe.

Kabla ya kuuliza utumie nini kuondoa stika, uliza iko juu ya rangi gani. Rangi ya kiwandani juu ya chuma huokwa, mara nyingi kwa joto linalozidi nyuzi 120 za selsiasi, na ikishaiva hairudi kuwa majimaji. Rangi ya karakana iliyochanganywa na hadna, yaani dawa ya kuikomaza, nayo hukomaa kwa kemia, ingawa huhitaji siku kadhaa kabla ya kuaminika. Rangi ya mkebe wa kupulizia ni habari nyingine: nyingi hukauka kwa sababu tu thina imevukiza, hivyo ukiirudishia thina, au hata petroli, inalainika tena. Pikipiki iliyopita mikononi mwa watu wengi inaweza kuwa na rangi zote tatu, na kwa macho zikafanana kabisa.

Jaribu mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya kiti, kwa kitambaa cheupe chenye tone la kile unachokusudia kutumia. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, acha mara moja. Watu wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu kitambaa kubaki cheupe hakuthibitishi usalama. Tabaka la juu, yaani klia, halina rangi ya kuhamisha. Linaweza kuwa linayeyuka huku kitambaa kikiendelea kuonekana safi. Gusa mahali hapo kwa kidole. Panaponata, klia imeshaanza kulegea.

Makava ya plastiki yanahitaji tahadhari kubwa zaidi. Plastiki ya ABS, aina inayotumika kwenye makava mengi, huathiriwa na petroli, na huyeyushwa na thina na asetoni. Petroli ikipenya kwenye sehemu zilizokazwa kwa skrubu inaweza kuleta nyufa nyembamba mno, na nyufa hizo zinaweza kujitokeza baadaye, wakati mwenyewe ameshasahau alichokipaka.

Pitisha ukucha kwenye ukingo wa stika. Usipohisi ukingo wowote, stika imefunikwa na klia, na haibanduki bila kuiharibu klia hiyo.

Stika iliyo juu ya klia huondolewa kwa joto kwanza. Draya ya nywele inatosha: pasha mpaka rangi iwe ya moto lakini kiganja kiweze kutulia juu yake. Mashine za karakana zinazopuliza hewa ya moto huweza kupita nyuzi 500, na ABS huanza kulegea karibu na nyuzi 100. Funga mfuniko wa tangi, au litoe kabisa tangi na ulipeleke mbali, na usiwashe draya mahali palipopakwa petroli au thina. Waya wake huwa mwekundu kwa moto, na mvuke wa petroli hushika moto hata katika baridi kali.

Namna ya kuvuta ndiyo inayoamua mengi, na ndiyo inayoelezwa kwa uchache. Usiivute stika kuelekea juu. Irudishe nyuma juu ya mgongo wake, ikiwa imelala karibu na rangi, ili nguvu isielekee kuinyanyua rangi. Gundi hubadilika kulingana na kasi: ukiivuta ghafla huwa ngumu na kuipeleka nguvu yote kwenye rangi, na ukiivuta polepole mno ikiwa ya moto sana, hupasuka katikati yake na nusu hubaki chini. Vitabu huandika kana kwamba kuna joto moja na kasi moja inayofaa, lakini stika iliyochomwa na jua kwa miaka imepoteza ulaini wake na hukatika vipande vipande hata ukifanya kila kitu sawasawa. Kwenye rangi iliyopakwa upya nabaki na wasiwasi hadi kipande cha mwisho kitoke. Kipimo cha kukata miraba midogo kwa wembe na kubandua kwa utepe kinaonyesha kama rangi imeshika, lakini kinaharibu kile kile ninachotaka kukiokoa.

Gundi iliyobaki ipake mafuta ya kupikia au mafuta ya taa kidogo, ifunike kwa nailoni ili ilainike, kisha ikwangue kwa kadi ya plastiki, kamwe si kwa wembe. Osha kwa maji ya sabuni. Rangi isiyong'aa isuguliwe kwa upole sana, kwani ukiing'arisha mahali pamoja, mng'ao huo hauondoki.

Hatimaye kuna kivuli cha stika, ambacho watu hukiita doa la gundi na kukisugua kwa hasira. Ikiwa gundi imekwisha na kivuli bado kipo, mara nyingi sehemu iliyofunikwa ndiyo yenye rangi ya asili. Iliyopauka kwa jua ni ile inayoizunguka. Basi polishi ipigwe kuzunguka kivuli, kwa kiasi, maana klia kwa kawaida ina unene wa mikroni (sehemu za elfu za milimita) 40 hadi 50 hivi na hairudi ikishaliwa. Kama rangi iliyo chini ya klia ndiyo iliyopauka, polishi haiifikii, na linalobaki ni kubandika stika nyingine ya ukubwa ule ule au kupaka upya. Ukichagua kupaka upya, ondoa kwanza kila chembe ya nta, mafuta na silikoni, la sivyo rangi mpya itakimbia na kuacha vishimo vya mviringo.