Kombe la Lipton halikuwa Kombe la Dunia la kwanza

Husimuliwa kwamba Kombe la Dunia la kwanza lilichezwa katika mji wa Torino, Italia, mwaka 1909 na kutwaliwa na West Auckland, timu ya wachimba makaa ya mawe wa kaskazini mwa Uingereza. Ushindi ulikuwa wa kweli, tena wa kusifiwa: waliifunga Winterthur ya Uswisi 2-0, wakarejea mwaka 1911 wakaichapa Juventus 6-1, na kombe la mfanyabiashara wa chai Thomas Lipton likawa lao moja kwa moja. Hata hivyo, mwaka 1909 zilishiriki timu nne tu, bila hata moja ya taifa. Isitoshe, mwaka 1908 Torino ilikuwa imeshaandaa mashindano ya namna hiyo, ambayo bingwa wake alikuwa Servette ya Geneva. Timu za taifa ziligombea Kombe la Dunia la FIFA kwa mara ya kwanza mwaka 1930, Uruguay.