Mpe mtoto kopo lake

Uswahilini saa kumi na mbili jioni huhitaji kutazama saa. Ukisikia vilio vinapokezana nyumba hadi nyumba, ujue watoto wanaogeshwa.

Kliniki kwetu kina mama hutuambia, “Nesi, huyu maji hayataki kabisa.” Nikiuliza anaogeshwaje, mara nyingi jibu ni lile lile: anasimamishwa kwenye beseni, anashikwa mkono, kopo la kwanza linatua utosini. Hata baba yake akimwagiwa hivyo atapiga kelele. Mtoto wa miaka miwili wala haogopi maji. Anaogopa kushtukizwa, maji kumwingia puani na sabuni kumchoma macho.

Basi anzia miguuni, upande taratibu, kichwa kiwe mwisho. Ukifika kichwani mwambie atazame juu, muhesabu pamoja misumari ya bati. Kiganja chako kikinge paji la uso, maji yateremkie kisogoni. Na mwambie ni makopo mangapi: la kwanza, la pili, la tatu, basi. Ukisema matatu yawe matatu kweli, maana akishakukamata unadanganya, kesho mtaanza upya.

Kisha mpe kopo lake mwenyewe. Kopo tupu la plastiki la mafuta ya kupaka linatosha. Litoboe matundu chini kwa msumari uliopashwa moto, kazi hiyo uifanye wewe, naye ana mvua yake. Atalinyeshea tumbo, atayanyeshea magoti, mwisho atataka kukuogesha wewe. Kubali ulowe. Mwanasesere wa duka sioni kama anamzidi kopo hilo.

Maji yawe ya uvuguvugu. Tangulia kumimina ya baridi, ndipo uongeze ya moto, koroga, pima kwa kiwiko. Kiganja kilichozoea sufuria za jikoni hudanganya. Sufuria ya maji yaliyochemka isikae karibu na beseni hata kidogo. Akiungua, mwagilia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya. Dawa ya meno na asali hapana.

Simu ikiita, iache iite. Mtoto huzama kwenye maji ya sentimita chache tu, tena kimyakimya. Kichwa chake ni kizito kuliko tunavyodhani, na akiinamia ndoo hawezi kujinyanyua.

Haya ni ya mtoto anayekaa mwenyewe. Mtoto mchanga ana taratibu zake: Shirika la Afya Duniani linashauri asiogeshwe kabla ya saa 24 tangu azaliwe.

Dakika kumi zinatosha. Mfunge kanga kavu, mpake mafuta polepole ukimwimbia, na beseni limwagwe hapo hapo. Akilia kwa kuwa umemtoa majini, mwache aende na kopo lake kitandani.