Kusomea fasihi na uandishi Uingereza: mwaka wa msingi ni wa nani, na unafundisha nini?

Katika vyuo vikuu vya England na Wales, shahada ya kwanza ya fasihi ya Kiingereza na uandishi wa kubuni husomwa kwa miaka mitatu. Ukikuta kozi hiyohiyo imeandikwa miaka minne, soma maelezo yake vizuri. Huenda mwaka wa ziada ni wa kwenda kusoma nchi nyingine, lakini mara nyingi ni ule unaotangulia, uitwao mwaka wa msingi. Vyuo vingine huuita mwaka sifuri. Mwanafunzi wa mwaka huu ni wa chuo kikuu tangu siku ya kwanza: ana kitambulisho, anaazima vitabu maktaba ileile, anakaa bweni lilelile. Tofauti ni kwamba masomo yake ni ya ngazi ya 3 kwa mizani ya Uingereza, sawa na kidato cha sita cha kwao. Akifaulu, anapanda ngazi ya 4, yaani mwaka wa kwanza wa shahada yenyewe, bila kuomba nafasi upya.

Wazazi wa Afrika Mashariki, walioko nyumbani na ughaibuni, hutuuliza sisi tunaofundisha mwaka huu wa msingi kama ni mwaka wa walioshindwa. Sivyo. Wapo waliopungukiwa alama, ndiyo, lakini darasani wanakaa pamoja na mama wa miaka 40 aliyeacha shule kulea watoto, dereva wa basi anayeandika mashairi usiku, na kijana aliyekulia kambi ya wakimbizi ambaye vyeti vyake havikamiliki. Wapo pia wanaotoka kwenye mifumo ya elimu yenye miaka michache kuliko wa Uingereza. Mkenya wa 8-4-4 amesoma miaka 12 kabla ya chuo, Mwingereza 13. Ndiyo maana KCSE, cheti cha kumaliza sekondari Kenya, peke yake mara nyingi haimwingizi mtu moja kwa moja mwaka wa kwanza wa shahada kule. Kwa Mtanzania mwenye cheti cha kidato cha sita hali hubadilika chuo kwa chuo: vingine humpokea, vingine humtaka aanzie mwaka wa msingi.

Kabla sijafika darasani, nitoe tahadhari mbili, maana hapa ndipo fedha za watu hupotea. Kwanza, ipo sifa nyingine ya Uingereza inayoitwa shahada ya msingi. Hiyo ni kozi kamili ya ngazi ya 5, kwa kawaida ya miaka miwili, na haihusiani na mwaka ninaouzungumzia. Pili, si kila mwaka wa msingi unapokea mwanafunzi wa kigeni. Cambridge ilianzisha wake mwaka 2022, Oxford ikafuata 2023, na yote miwili imewekwa kwa ajili ya vijana wakazi wa Uingereza ambao masomo yao yalivurugwa na hali ya maisha. Wageni mara nyingi huelekezwa kwenye programu za kimataifa zinazoendeshwa na makampuni yaliyoingia ubia na vyuo. Baadhi ni nzuri. Lakini huko kuingia shahada hutegemea masharti ya alama yaliyoandikwa kwenye mkataba, na mkataba huo usomwe kabla ya kutoa hata senti.

Darasani

Wengi wanaochagua kozi hii wanataka kuandika. Wana daftari la hadithi, wana riwaya iliyofika sura ya tatu. Wakifika wanakuta wiki za mwanzo karibu zote ni za kusoma, na wengine hunung'unika. Mimi huwaambia wazi kwamba faida ya mwaka huu iko hapo. Anayetafuta mahali pa kumalizia riwaya yake tu atauona mrefu na wa ghali.

Kusoma huku kuna historia yake. Katika miaka ya 1920, mhadhiri wa Cambridge aitwaye I. A. Richards aliwagawia wanafunzi wake mashairi bila jina la mtunzi wala tarehe, akawaomba waandike maoni yao. Majibu yalimshangaza. Vijana waliosoma shule bora za nchi walishindwa kuelewa hata maana ya wazi ya mistari. Wengine walikosoa kazi za washairi wakubwa na kuzisifu za watu wasiojulikana. Uchambuzi wake wa majibu hayo ulichapishwa mwaka 1929, na tangu hapo zoezi la kuwekewa ukurasa mmoja mbele yako, bila msaada wowote, limekuwa nguzo ya ufundishaji wa fasihi katika vyuo vya Kiingereza.

Kwa mwanafunzi aliyepitia shule zetu hapa ndipo pagumu. Tumefundishwa fani na maudhui: taja dhamira, taja migogoro, eleza ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi, kisha toa mifano kutoka vitabu viwili. Utaratibu huo una faida yake, kwani unampa mtu mpangilio na kumbukumbu. Tatizo ni kwamba unaweza kupata alama nzuri kwa kumeza kitabu cha uhakiki bila kukifungua kile ulichotakiwa kukisoma. Chukua sentensi hii niliyoitunga kwa ajili ya darasa: "Mama alikunja kanga ile mara nne, akaifungua, akaikunja tena." Mwanafunzi wetu ataandika haraka kuwa dhamira ni majonzi, aendelee. Mhadhiri atamrudisha nyuma. Ni "ile" ipi, na kwa nini msimulizi anaitaja kana kwamba sisi tunaijua? Mara nne zimehesabiwa na nani, mama mwenyewe au mtu anayemtazama? Mbona hatuambiwi anawaza nini? Na kama ni majonzi, ni kipi katika sentensi kinachokataza isiwe hasira, au kusubiri mgeni? Saa nzima inaweza kuishia hapo.

Insha nayo hubadilika. Haitakiwi kuorodhesha hoja sita zenye maelezo ya urefu sawa. Inatakiwa kuwa na dai moja ambalo msomaji mwenye akili anaweza kulipinga, na aya zinazolijenga kutokana na maneno yaliyomo kwenye matini. Insha ya kwanza ya mwanafunzi hodari kutoka kwetu mara nyingi hurudi na alama za katikati na maneno "inaeleza, haijengi hoja". Inauma, lakini mpaka Aprili wengi wameshaimudu.

Sehemu nyingine za mwaka nitazipita haraka. Kuna somo la stadi za kitaaluma: kunukuu, kuandika rejea, kuepuka wizi wa maandishi, na siku hizi mipaka ya kutumia programu za akili bandia. Kuna historia fupi ya fasihi, na pengine somo moja kutoka idara jirani kama historia au filamu. Kwa jumla ni krediti 120 za masomo, yaani vipimo vya uzito wa kazi, na kila krediti hukadiriwa kuwa saa 10 za kazi, hivyo mwaka mzima ni saa 1,200, sehemu kubwa ukiwa peke yako na kitabu. Alama za mwaka wa msingi haziingii kwenye daraja la shahada.

Warsha ya uandishi

Uandishi wenyewe hufundishwa kwa warsha. Chuo Kikuu cha East Anglia, mjini Norwich, kilianzisha shahada ya uzamili ya uandishi wa kubuni mwaka 1970 chini ya waandishi Malcolm Bradbury na Angus Wilson, na mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Ian McEwan, leo mtunzi mashuhuri wa riwaya. Kazuo Ishiguro, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2017, alipita hapohapo. Mtindo huo ulishuka taratibu hadi shahada za kwanza, na sasa uko hata kwenye mwaka wa msingi.

Mwanafunzi hugawa kurasa zake kwa wenzake siku kadhaa kabla. Siku ya warsha wanakaa duara, wanajadili kazi yake, naye mara nyingi hatakiwi kusema neno mpaka wamalize. Sheria hiyo ya kunyamaza ina wapinzani, na baadhi ya walimu wameiacha kwa sababu humlemea mwandishi ambaye wenzake hawajui anakotoka. Msomaji wa Leeds anaweza kutumia dakika kumi akiuliza mkeka unafanya nini ukumbini. Mimi bado naiona ina kazi, mradi mwalimu awe na mkono thabiti. Ukimya unamlazimisha mwandishi asikie kilichofika kwa msomaji, si alichokusudia yeye. Tathmini huwa ni mkusanyo wa kazi pamoja na tahakiki fupi ambamo unaeleza maamuzi yako: kwa nini nafsi ya kwanza, kwa nini ulikata mwanzo. Wanaoiandika tahakiki hiyo usiku wa mwisho hujulikana.

Watu wakisikia haya humtaja Abdulrazak Gurnah. Mzanzibari huyu alifika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa kijana, akasoma Canterbury, akapata udaktari wa falsafa Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, akafundisha hapo hadi kustaafu, na mwaka 2021 akatunukiwa Nobel. Alichofundisha hapo miaka yote ni fasihi. Uandishi aliuendesha mwenyewe pembeni. Na huku kwetu, jarida la Idara ya Kiingereza ya Makerere, lililoanza mwaka 1958, lilichapisha hadithi za mwanzo za Ngũgĩ wa Thiong'o akiwa mwanafunzi wa fasihi. Hakuna anayehitaji shahada ili awe mwandishi. Anachokipata chuoni ni wasomaji wakali, muda, na maktaba.

Ada

Kwa mkazi wa England anayestahili ada ya nyumbani, kikomo cha ada ya shahada kwa mwaka wa masomo 2025/26 ni pauni 9,535. Kuanzia mwaka huohuo, mwaka wa msingi wa masomo ya kukaa darasani, ambayo fasihi ni miongoni mwake, umewekewa kikomo cha pauni 5,760. Mkopo wa serikali hulipia miaka yote minne iwapo mwaka wa msingi ni sehemu ya shahada. Mwenye hadhi ya ukimbizi iliyokubaliwa, na Wakongo na Warundi wengi wamo katika kundi hili, anaweza kuomba mkopo huo bila kusubiri miaka mitatu ya ukaazi. Ambaye ombi lake la hifadhi halijaamuliwa hawezi, lakini vipo vyuo vyenye ufadhili maalumu kwa watu kama yeye, na inafaa kuuliza.

Mkazi mwenye umri wa miaka 19 au zaidi aangalie pia diploma ya kujiandaa na chuo kikuu inayotolewa na vyuo vya mitaani kwake. Nayo ni ya ngazi ya 3. Akiisomea kwa mkopo kisha akamaliza shahada, deni la diploma hiyo hufutwa. Kwa mtu mwenye familia na kazi, mara nyingi hiyo ndiyo njia nafuu, hata kama kusema hivyo kunanipunguzia wanafunzi.

Kwa anayetoka Dar es Salaam au Mombasa hesabu ni nyingine kabisa. Ada ya mgeni katika vyuo vingi ni pauni 15,000 na kuendelea kwa mwaka, na mwaka wa msingi unaiongeza mara ya nne. Kuna pia tozo ya huduma ya afya ya pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na ushahidi wa fedha za kujikimu. Familia isiuze shamba kabla ya kuangalia njia za nyumbani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina programu yake ya msingi kwa waliopungukiwa pointi. Kuingia shahada kwa sifa za kawaida hutaka pointi 4.0 kutoka masomo mawili ya kidato cha sita, mwenye 1.5 anaweza kupitia programu hiyo, na akipata wastani wa 3.0 pamoja na angalau C katika masomo matatu ya kundi lake, anaomba shahada. Mtanzania anayekwenda nje aulize pia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) mapema kama njia aliyochagua itatambuliwa akirudi.

Maombi

Maombi hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vikuu vya Uingereza, ambako unaruhusiwa kuchagua kozi tano. Kuanzia kwa wanaoingia mwaka 2026, barua ya kujieleza imegawanywa katika maswali matatu: kwa nini unataka somo hili, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya masomo umefanya nini kinachokusaidia. Jumla ni herufi 4,000, nafasi zikihesabiwa, na kila jibu lisipungue 350.

Usiandike kwamba umependa vitabu tangu utotoni. Kila mtu ameandika hivyo. Taja kitabu kimoja na sema kilikusumbua wapi. Kama ulisoma Shakespeare kwa tafsiri ya Nyerere kabla ya kumsoma kwa Kiingereza, hiyo ni aya nzima ambayo mwombaji wa Manchester hana. Kama umeandika tenzi za harusi, umeigiza kwenye redio ya jamii au umewatafsiria wazee hospitalini, hayo ni majibu ya swali la tatu.

Vyuo vingine vitaomba sampuli ya uandishi. Tuma kurasa chache ulizozisoma kwa sauti na kuzipunguza, si sura kumi. Na utakapopewa nafasi, muulize afisa udahili kwa maandishi: alama gani inatakiwa ili kupanda mwaka wa kwanza, kwani kufaulu somo huwa ni asilimia 40 lakini kuvuka kwenda shahada kunaweza kutaka zaidi, je, ukifaulu unaruhusiwa kuhamia fasihi peke yake au uandishi peke yake, na ukishindwa somo moja, marudio hufanyika lini na yanagharimu kiasi gani.