Agosti Unachuma Nini? Bustani ya Uani kwa Hali ya Hewa ya Mtwara na Lindi

Mwezi wa pili karibu kila ua wa Mtwara na Lindi una mboga. Mlenda umejiotea wenyewe pembeni ya choo, maboga yametambaa mpaka juu ya banda la kuku, mchicha pori unang'olewa kama magugu. Pita Agosti kwenye nyumba zilezile. Utakuta kichanga kitupu, kuku wanajifukia vumbini, na mama mwenye nyumba anakwenda sokoni kununua fungu la matembele lililotoka bondeni. Kwa hiyo mtu akiniambia kuwa ana bustani, huwa namuuliza swali moja tu: Agosti unachuma nini?

Mvua yetu ya Kusini ni ya msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei. Baada ya hapo ni nusu mwaka wa ukavu, na sehemu kubwa ya nusu hiyo upepo wa kusi unavuma kutoka kusini-mashariki bila kuchoka. Maelekezo mengi ya bustani yanayosambazwa yanamfaa mtu mwenye vuli na masika, ambaye hakai muda mrefu bila kuona wingu. Sisi tunahitaji bustani iliyopangwa kwa ajili ya kiangazi. Ya mvua itajipanga yenyewe.

Tuanze na maji, maana hapo ndipo watu wengi hukata tamaa kabla hawajashika jembe. Kitanda cha mboga cha upana wa mita 1 na urefu wa mita 3, kwenye kichanga na jua kali, kinataka kama lita 15 kwa siku. Hiyo haifiki hata ndoo kubwa moja. Sasa hesabu maji yanayomwagwa nyumbani kwako kila siku: ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kunawa mikono, ya kusuuzia vyombo. Nyumba ya watu sita haikosi kujaza ndoo hiyo. Weka ndoo moja mlangoni mwa jiko, na kila mtu ajue kuwa maji ya kusuuzia hayamwagwi uwanjani. Maji yenye povu zito la sabuni ya unga yapeleke kwenye mgomba, mpapai au mnazi, usiyamwagie miche michanga, wala majani yanayoliwa mabichi.

Kwa wenye bati, mvua moja ya milimita 20 juu ya paa la mita 50 za mraba ni lita 1,000, na hata ukitoa yanayopotea unabaki na kama 800. Wa Newala na Tandahimba hawahitaji kuambiwa hili. Juu ya uwanda wa Makonde watu wamejenga visima vya kuvunia mvua uani kwa sababu maji ya chini yako mbali mno. Ninachowaongezea ni hiki tu: maji ya kisima ni ya kunywa na kupikia, bustani ipate yale yaliyokwisha kutumika mara moja.

Wa pwani, hasa Mikindani, Mtwara mjini na Kilwa Masoko, wana shida nyingine. Kisima kipo, lakini maji yana chumvi. Yakiwa na chumvi kidogo, spinachi na minazi huvumilia, ila maharage, karoti na vitunguu hudumaa. Mwagilia chini kwenye udongo, usinyunyizie majani, na mvua zikianza acha zioshe kitanda vizuri kabla ya kupanda tena.

Sasa kitanda chenyewe. Picha nyingi za bustani zinaonyesha tuta lililoinuliwa juu. Hilo ni zuri mwezi wa kwanza, mvua inapotuama. Kwenye kichanga chetu wakati wa kusi, tuta lililoinuliwa hukauka kutoka juu na kutoka ubavuni, na maji unayomwaga huteremka pembeni. Kiangazi fanya kinyume: chimba kitanda kizame kama sentimita 15, udongo unaotoa uufanye ukingo kuzunguka. Upana usizidi mita 1, ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga ndani. Mvua zikikaribia, fukia na uinue.

Udongo wa aina hii haushiki maji wala chakula cha mimea. Unahitaji debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita ya mraba, na si mara moja tu. Kwa joto letu samadi humalizika haraka, hivyo rudia kila unapopanda upya. Ng'ombe ni wachache huku, lakini mbuzi na kuku wapo. Samadi ya kuku ni kali. Mimi mwenyewe, na shule yote niliyosoma, niliwahi kuitoa bandani na kuipeleka moja kwa moja kwenye miche ya nyanya chungu. Siku ya nne ilikuwa kama imepitiwa na moto. Irundike, iloweshe, igeuze kila wiki, na uiache miezi miwili. Ikipoa na kunukia udongo, iko tayari. Majani ya mikorosho yaliyojaa kila mahali hayafai kufukiwa mabichi kitandani kwa kuwa ni magumu na huchelewa kuoza. Yachanganye na samadi kwenye shimo la mboji, yakae mpaka msimu ujao. Maganda ya karanga na njugu mawe ndiyo matandazo ninayoyapenda: hayapeperuki ovyo na hayana mbegu za magugu. Nyasi kavu pia zinafaa, zilizokatwa kabla hazijatoa mbegu. Mchwa wakizifuata, ziache mbali kidogo na shina na unyunyize majivu.

Majivu yana kazi nyingine hapa kwetu, na hili linahusu korosho. Kati ya Juni na Agosti tunapuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho. Unga ule haubaki kwenye mkorosho. Kusi huuchukua, ukaanguka kwenye mboga za jirani na kwenye udongo, na mwaka baada ya mwaka huufanya udongo uwe na tindikali. Kichanga hakina nguvu ya kupambana na tindikali hiyo. Mboga zikidumaa ingawa umeweka samadi na maji, mimi hushuku hili kwanza. Konzi mbili za majivu ya kuni kwa mita ya mraba, zikichanganywa na udongo wiki mbili kabla ya kupanda, husaidia. Usiyachanganye na samadi mbichi wala yurea siku moja, maana naitrojeni itapaa hewani. Jirani anapopuliza, hasa alfajiri, mwombeni akuarifuni mapema. Funika kitanda kwa shuka kuukuu, na mboga iliyopata vumbi hilo isubiri siku kadhaa, kisha ioshwe vizuri. Majani ya maboga na matango huungua kwa salfa jua likiwa kali, usishangae kuona madoa.

Salfa hata hivyo si kubwa la kuogopa. Kubwa ni zile dawa za maji za mikorosho zinazobaki kwenye bomba. Nimeona zaidi ya mara moja mtu akimalizia "kibaki" kwenye nyanya za nyumbani, na keshokutwa yake kachumbari imeandaliwa. Dawa ya mkorosho imepimwa kwa mkorosho. Hujui mboga ile inatakiwa kukaa siku ngapi kabla ya kuliwa, na kibandiko cha chupa hakitakuambia kwa sababu haikukusudiwa mboga. Bomba lililobeba dawa ya magugu nalo lisitumike bustanini kabisa, hata ukiliosha mara tatu. Na chupa tupu hazichotewi maji ya kumwagilia.

Upepo wenyewe unazuilika kwa chakula. Panda mbaazi mistari miwili upande wa kusini na mashariki wa kitanda chako, Desemba au Januari mvua zikiwa zimeshika. Kufika Juni zimempita mtu kimo, kusi linapigwa na mbaazi badala ya kupiga mchicha, na Julai mnaanza kuchuma mbaazi mbichi za kupika kwa nazi. Majani yanayodondoka ni matandazo ya bure. Sijaona ukuta wa makuti unaolipa kiasi hicho. Makuti au mianzi bado utahitaji chini, kwa ajili ya kuku. Ua wenye kuku walioachiwa na bustani isiyo na uzio ni ua wa kuku.

Cha kupanda? Matembele kwanza. Chukua marando yenye afya ya urefu wa sentimita 30 hivi, yasiyo na majani yaliyokunjamana wala mabaka ya njano, uzike theluthi mbili ya rando. Baada ya wiki tano unachuma, na ukichuma ncha linazidi kuchipua. Pembeni weka mti mmoja au miwili ya kisamvu cha mpira. Mihogo ikipukutisha majani kiangazi, mpira bado una majani ya kuchuma. Kitwangwe na kuchemshwa barabara kama kisamvu kingine; sumu iliyomo hutoka kwa kutwanga na kuchemsha, kwa hiyo hapa haraka haifai. Mlonge ukate kwa kimo cha mita 1 ili majani yabaki karibu na mkono, vinginevyo ndani ya mwaka mmoja utahitaji ngazi. Bamia, nyanya chungu, pilipili na kunde za majani huvumilia joto vizuri kuliko kabichi, ambayo sielewi kwa nini watu wa pwani tunaing'ang'ania.

Mchicha ni wa haraka, wiki nne tu, ila kosa letu ni kuumwaga wote siku moja. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane, panda nusu ya kitanda leo, nusu nyingine baada ya wiki mbili. Unapovuna, kata na kuacha shina lenye kimo cha upana wa kiganja. Litachipua tena mara mbili au tatu.

Nyanya za kawaida ziache mpaka mwaka wa pili. Kiwavi aitwaye kantangaze hutoboa majani na matunda, na mnyauko huua mmea ukiwa bado wa kijani. Ukiona mche umenyauka ghafla mchana na udongo una unyevu, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama tui ukianza kushuka kutoka kwenye shina, ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa. Ng'oa, choma, na usipande hapo nyanya, biringanya, nyanya chungu wala pilipili kwa miaka kadhaa, kwa sababu zote ni ukoo mmoja. Ukikuta mizizi ina vinundu vinundu, hao ni minyoo fundo, wapenzi wa kichanga. Hamishia nyanya na bamia kwingine na uzidishe samadi.

Kwa vidukari na viwavi wadogo, mwarobaini upo kila mtaa. Twanga kilo 1 ya majani mabichi, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, chuja, ongeza kipande kidogo cha sabuni ya mche, nyunyiza jioni chini ya majani. Jua huiua nguvu, ndiyo maana jioni. Rudia baada ya siku saba. Kiwavi aliyekwisha nenepa hasikii. Huyo mtoe kwa mkono umpe kuku.

Matunda niyataje kwa ufupi. Mpapai panda miche mitatu kwenye shimo moja, subiri maua, kisha ng'oa madume na uache jike moja. Kwenye ua mzima dume mmoja anatosha. Usiuweke maji yanapotuama, shingo yake huoza. Maji ya bafuni yaelekeze kwenye mgomba. Ndimu na mkomamanga hukaa vizuri karibu na nyumba, ila mwembe hapana: miaka kumi ijayo utakuwa unakata matawi juu ya bati. Mnazi nao uweke mbali na mahali watoto wanapochezea.

Maua pia ni bustani. Mrehani ukikata vichwa vya maua mapema unarudisha majani, ukiviacha unazeeka. Asumini ikatwe baada ya kumaliza kuchanua. Shubiri usiimwagilie kila siku kwa huruma, itaoza.

Mpangaji asiye na ua atumie kiroba cha unga au mchele. Simamisha kopo lisilo na matako katikati, lijaze kokoto, jaza udongo na samadi kulizunguka, kisha livute juu kidogo na ujaze tena mpaka kiroba kijae. Ule mnara wa kokoto ndio unaofikisha maji chini. Toboa ubavuni upachike matembele au spinachi. Kiroba kiwe cha chakula, si mfuko wa salfa.

Imebaki Oktoba. Korosho zinadondoka, nyumba nzima iko shambani kuokota, na bustani iliyovumilia kusi lote hufa wiki hizo mbili za mwanzo. Msipambane nayo. Mwishoni mwa Septemba vuneni mchicha wote isipokuwa mashina matatu ya mbegu, wekeni kivuli cha makuti juu ya pilipili na nyanya chungu, ongezeni matandazo mpaka udongo usionekane, na mtoto anayebaki nyumbani apewe ndoo moja jioni, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Matembele yatasinyaa kidogo. Kisamvu cha mpira hakitajua kama mmeondoka.