Alikaa kiti cha nyuma, angeonaje?

Dhana: Hoja ikishapingwa, imekufa.

Ukweli: Hapa ndipo watu huumizwa, kwa hiyo twende polepole. Matatu ya Kayole, Nairobi, saa mbili usiku, mama mmoja haioni simu yake. Abiria anadai alimwona makanga akiinama karibu na mkoba wa mama huyo. Mwingine anamkatiza: wewe umekaa kiti cha nyuma na taa zimezimwa, ungeonaje? Tuhuma imeanguka. Ndipo msichana wa shule anaposema, "Taa zilikuwa zinawaka, mimi nilikuwa nasoma daftari." Pingamizi limevunjika na tuhuma imesimama tena, ingawa hakuna aliyeiongezea hata neno.

Mwaka 1995 mwanasayansi wa kompyuta Phan Minh Dung aliuweka mwendo huu katika hesabu: kila hoja ni nukta, kila pingamizi ni mshale. Hoja hukubalika pale kila mshale unaoilenga unapopata jibu. Lakini kusimama tena si kuthibitishwa. Makanga hajasema lolote bado! Akisema aliinama kuokota chenji, huo ni mshale mpya, na lazima ujibiwe kabla mtu hajainua mkono kumpiga. Nalisisitiza hili kwa sababu katika jiji letu kelele ya "mwizi!" imewahi kuua.

Dhana: Mwenye hoja nyingi ndiye mshindi.

Ukweli: Watu kumi waliosimuliwa na mtu mmoja ni shahidi mmoja. Akianguka yeye, wameanguka wote.

Dhana: Mashine ya kukagua noti ikiwa sahihi mara 9 kati ya 10, ikilia basi noti ni bandia kwa asilimia 90.

Ukweli: Inategemea noti bandia ni ngapi sokoni. Tuseme ni 10 katika kila 1,000. Mashine itanasa 9. Lakini halali ni 990, na itazilalamikia kimakosa 99. Imelia mara 108, bandia zikiwa 9 tu: moja kati ya 12. Ni hesabu ya mwanahisabati Mwingereza Thomas Bayes, iliyochapishwa mwaka 1763 baada ya kifo chake.

Dhana: Basi mlio huo hauna maana.

Ukweli: Unayo. Kabla haujasikika, shaka ilikuwa 1 kati ya 100. Sasa ni 1 kati ya 12. Hiyo yatosha kuiinua noti kwenye mwanga na kuipapasa. Haitoshi kumwita mteja tapeli mbele ya foleni.